Pompi ya Mkwe Wangu

Kwa miaka miwili ya kwanza ya ndoa yangu nilimjua mkwe wangu kwa gari lake kuliko kwa sura yake. Nilijua kwamba ni mfupi, kwa sababu juu ya kiti cha dereva aliweka kitenge kilichokunjwa mara nne ili macho yake yapite juu ya usukani. Nilijua hana subira na milima, maana klachi yake ililika haraka kuliko ya mteja wangu mwingine yeyote. Nilijua anatafuna tangawizi njiani. Nilikuta vipande vikavu sakafuni, karibu na breki. Sura yake yenyewe niliiona mara moja tu, siku ya harusi, na hata siku hiyo alikuwa amejifunika kitenge mpaka puani, nami nilikuwa natazama viatu vyangu.

Hatukuwa na ugomvi. Ilikuwa adabu. Upande wao, Nyunzu, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani, hawashikani mikono, hawali pamoja na hawasemeshani. Akipita njia hii, wewe unashika ile. Wengine wanailegeza adabu hiyo baada ya mtoto wa kwanza na mbuzi mmoja, wengine hawailegezi mpaka kaburini. Mimi nilizaliwa Kalemie mjini, baba yangu akiwa mtu wa reli, na nyumbani kwetu mambo hayo tuliyafuata nusu nusu. Lakini nilikuwa nimeoa kwao, na niliamua kuyafuata yote, kwa sababu nilimpenda binti yao na sikutaka kusikia maneno.

Shida ni kwamba mimi nilikuwa fundi wa magari, na mkwe wangu alikuwa na gari.

Lilikuwa kamyoneti ya Kifaransa, ya kijivu, yenye turubai nyuma, aliyoachiwa na marehemu mume wake. Mume alikuwa dereva. Alipofariki, ndugu zake walikuja kujadili gari liuzwe kwa nani, wakamkuta mjane amekaa ndani yake, injini inanguruma. Alikuwa amejifunza kwa kumtazama mumewe. Enzi zile za Zaire mwanamke alikatazwa hata kuvaa suruali, na mama anayeendesha kamyoneti akiwa na kitenge chake, akipeleka ndagaa Nyunzu na kurudi na muhogo na mafuta ya mawese, alikuwa kitu cha kutazamwa. Askari wa barabarani walimsimamisha bila sababu, wakamwita "sitwayeni", yaani raia mwanamke kwa Kifaransa, wakamtazama vizuri, wakamwacha aende.

Alipohitaji fundi alikuja kwangu. Kwenda kwa mwingine kungekuwa kunitukana mbele ya mji mzima. Basi tukawa na utaratibu wetu. Akikaribia kona ya kwetu alipiga honi mara tatu. Mimi niliacha kila kitu, hata kama nilikuwa chini ya gari la mtu, nikaingia ndani. Yeye aliingiza gari uani, akaacha ufunguo kitini, akazunguka nyuma ya nyumba hadi jikoni kwa binti yake. Nikisikia mlango wa jiko, natoka. Kama ana neno, alimwambia mke wangu, naye akaniletea. Kama mke wangu hayupo, mkwe alisema na gari lenyewe, kwa sauti ya kunifikia nyuma ya ua wa matete.

"We gari, uambie ule baba breki iko inavuta kushoto."

Nami nilijibu: "We gari, muambie Mama nimesikia."

Wateja wengine walicheka mpaka wakalia. Mimi niliiona ni njia safi ya kufanya kazi. Mteja anayesema na gari badala ya kusema na fundi hapotezi muda kueleza jinsi shemeji yake wa Lubumbashi angelitengeneza.

Ijumaa moja, kiangazi kikielekea mwisho, alilileta nibadilishe mafuta ya injini na kukaza springi za nyuma, kwani Jumatatu alikuwa na safari ya Nyunzu. Safari hiyo haikuwa ya ndagaa. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yetu ya kwanza, na kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa watu wa mama. Angekwenda na mama yake, akae huko mpaka ajifungue. Mimi ningebaki Kalemie kusubiri habari, kama wanaume wote wa ukoo ule walivyosubiri habari.

Nilifungua boneti, na kitu cha kwanza nilichokiona ni tone. Chini ya pompi ya maji kuna kitundu kidogo. Watengenezaji walikiweka makusudi, ili muhuri wa ndani unaozuia maji ukichoka, maji yatokee pale na mwenye gari aonywe. Kitundu hicho kilikuwa kimezungukwa na ukoko mweupe. Maji ya ziwa letu ndivyo yalivyo. Ni mazuri kunywa, lakini yakichemka yanaacha ukoko, na madereva wote wa Kalemie walijaza radiateri kwa maji ya ziwa, kwa sababu ziwa liko pale, halifungwi mlango na halina mwisho. Ukoko ule unaula muhuri wa pompi polepole. Mimi niliweka pipa chini ya bati nikinge maji ya mvua kwa ajili ya magari tu, na majirani walinisema kwamba nayanywesha magari vizuri kuliko watu.

Kisha nikashika panga la feni nikalitikisa mbele na nyuma. Lilicheza. Kwenye gari lile feni imefungwa kwenye pompi yenyewe, kwenye ekseli inayozunguka juu ya rulma, yaani beringi. Rulma ikiisha, ekseli inayumba, na siku inapokatika, feni inaruka mbele na kuitafuna radiateri. Baada ya hapo hakuna cha kuziba wala cha kuchomelea. Gari linasimama pale lilipo, na kati ya Nyemba na Nyunzu, pale lilipo ni porini.

Pompi mpya nilikuwa nayo. Baharia mmoja wa meli ya Bujumbura aliniletea baada ya kunizungusha miezi minne, nami niliiweka juu ya kabati ndani ya boksi lake. Kilichokosekana ni ruhusa.

Nikamwita mke wangu dirishani. "Muambie Mama pompe ya mayi imechoka. Nataka niibadilishe mbele ya kuharibika. Mupya iko, ni kazi ya asubui moja."

Akaenda, akarudi. "Mama anasema gari iko inatembea."

"Najua inatembea. Muambie itamusimamisha njiani."

Mke wangu alinikazia macho. "Hiyo siisemi. Mimi niko na mimba, niko nangojea safari, na weye unataka nitoe kwa mudomo yangu maneno kama hayo? Unaniombea nini?"

Lazima nieleze. Sisi mafundi wa Kalemie hatutabiri. Fundi akisema gari litaharibika kesho, na kesho likaharibika, watu hawamsifu kwamba anaijua kazi. Wanauliza alijuaje. Nilimwona fundi mzuri kabisa akikimbiwa na wateja wote wa mtaa wa Kituku kwa sababu alisema giaboksi ya mtu haitamaliza juma, na kweli haikumaliza. Ndiyo maana tunasema tu "tutaangalia", hata pale ambapo kila mwenye macho ameshaona. Mimi nilikuwa nimeivunja sheria hiyo, tena kwa mkwe, tena mbele ya mimba.

Mke wangu alipeleka maneno mengine, ya kwake. Nilisikia kwa mbali sauti yake laini ikieleza kwamba mimi ningependa kulipamba gari kidogo kwa heshima ya safari. Jibu lilikuja bila mjumbe, likipita juu ya ua.

"We gari, uambie ule baba akuwekee mafuta, akaze springi, basi. Pompe asiiguse."

Jumamosi, baada ya salongo, nilijaribu tena. Mji mzima ulikuwa umeamkia kufyeka nyasi kando ya barabara kama serikali ilivyotaka, na mkwe wangu alipita kwetu na jembe lake kumwona binti yake. Niliposikia sauti yake jikoni nilisimama karibu na gari nikaliambia, kwa sauti kubwa, kwamba linatoa maji. Ng'ambo ya ua mkwe akaliambia gari kwamba atabeba bidoni mbili za maji. Nikaliambia gari kwamba feni inacheza. Akaliambia kwamba hata yeye alicheza sana ujanani na hakuanguka. Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka.

Sikucheka kwa sababu ya dada yangu. Miaka sita kabla ya hapo, dada yangu mkubwa alikuwa anatoka Manono kuja kujifungulia kwetu, juu ya lori. Feni ya lori lile iliingia kwenye radiateri. Walikaa njiani siku tatu. Mtoto alikuja siku ya pili, chini ya lori, palipokuwa na kivuli, na hakulia. Dada yangu aliletwa akiwa hai, na yuko hai hadi leo, ila hakupata mtoto mwingine. Dereva alisema mbele yetu sote kwamba aliisikia pompi ikipiga kelele tangu juma lililopita. Sikumchukia yule dereva. Nililichukia lile juma. Tangu hapo nabadilisha kitu kikiwa bado kinafanya kazi, na wateja wengine wananiona mpumbavu, wengine mwizi. Habari ya dada sikuweza kuitaja kwa mke mwenye mimba, maana hilo nalo halisemwi. Nilikuwa na sababu moja tu nzuri, nayo nilikuwa nimeimeza.

Jumapili mama na binti walikwenda misa ya pili. Baada ya misa akina mama wa parokia walikuwa wamemwandalia mke wangu kikao cha kumpa mashauri ya uzazi, na akina mama wa parokia yetu hawakujua kushauri kwa ufupi. Nilikadiria kingechukua muda wa saa nne nzima. Gari lilikuwa uani tayari kwa safari ya kesho yake. Nilisimama mbele yake na shati langu la Jumapili, kisha nikalivua.

Siwezi kudai kwamba nilisitasita sana. Kufungua mali ya mkwe bila ruhusa ni kosa ambalo hata adhabu yake sikuijua, kwa sababu sikuwahi kusikia mtu aliyelifanya. Mpango wangu ulikuwa wa kitoto: nifungue, nibadilishe, nifunge, niipake pompi mpya vumbi na mafuta machafu, na asijue kamwe. Niliona pia kwamba mambo yakienda vizuri hakuna atakayejua hata kidogo kwamba palikuwa na hatari. Hiyo ndiyo hasara ya kubadilisha mapema. Ukifaulu, hakuna kilichotokea, na huna cha kumwonyesha mtu.

Nilifungulia maji ya radiateri, yakatoka na rangi ya chai ya maziwa. Nikaitoa radiateri nikaiegemeza ukutani, nikalegeza mkanda, nikafungua feni. Nikafika kwenye boliti nne za pompi. Nilitegemea kupigana nazo, kwa sababu boliti za mahali pale hushikwa na kutu mpaka zikakatika, na nilikuwa nimeweka nyundo karibu. Hazikunisumbua. Nyuzi zake zilikuwa zimepakwa grisi moja moja kabla ya kufungwa, na chini ya kila kichwa palikuwa na pete ndogo ya shaba iliyokatwa kwa mkono. Kiwandani hawaweki pete pale. Nilijiambia tu kwamba aliyeifunga alikuwa mtu mwenye subira kuliko mimi, nikazitia boliti kwenye kikopo, nikaendelea.

Pompi ilibanduka. Niliizungusha mkononi nikasikia rulma inasaga mchanga. Niliisukuma ekseli kwa kidole gumba, ikaenda upande kwa unene wa ukucha. Niliketi juu ya tairi kuukuu nikaitazama, na nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi sana. Hakuna furaha chafu kama ya fundi aliyebishiwa halafu akakuta yeye ndiye aliyesema kweli.

Honi haikulia, kwa kuwa honi yenyewe ilikuwa hapo mbele yangu. Mkwe alikuja kwa miguu. Alikuwa amewaacha akina mama na mashauri yao, akamwacha binti yake huko, akaja peke yake kupanga mizigo mapema. Nilichoona kwanza ni viatu vyake vya plastiki vya buluu, chini ya gari, upande wa pili. Mlango wa nyumba ulikuwa nyuma yake. Kukimbilia ndani kulimaanisha kupita mbele ya uso wake, kifua wazi, mikono myeusi. Nikachuchumaa nyuma ya gurudumu la mbele, nikabaki hapo. Boneti ilikuwa wazi juu yetu, na pompi ilikuwa chini juu ya gunia, mahali ambapo yeyote angeiona.

Viatu vilisimama muda mrefu.

"We gari," akasema. "We gari, nani amekufungua?"

"We gari, muambie Mama ni mimi."

"Nilisema asiiguse."

"Muambie Mama nilisikia."

Nilingojea matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kilio, kwa baraza la wakwe, hata kwa mbuzi wawili badala ya mmoja. Badala yake niliona pindo la kitenge chake cha misa likishuka mpaka chini. Alikuwa amekaa, palepale kwenye udongo uliolowa mafuta ya magari ya watu.

"Uambie ule baba," akaliambia gari, na sauti yake haikuwa tena ile ya kuvuka ua. "Uambie ile pompe iliwekwa na mwenyewe, bwana yangu. Alikuwa tayari na ugonjwa. Alikaa hapa mbele yako, juu ya kiti ya jikoni, mikono inatetemeka, mimi namushikia ma boliti. Siku mbili nzima, kwa kazi ya asubui moja. Nilimuambia twende kwa fundi, akakatala. Akasema, sitakuachia gari ya kukusumbua. Akafunga, akamaliza, akaenda kulala. Hakushika tena kle."

Kle ndivyo tulivyoita spana.

"Hakushika tena kitu," akamalizia.

Nilitazama kikopo cha boliti.

"Mayi nilijua inatoka," akasema. "Mwezi ya tatu hii, najua. Mimi si kipofu, niko naendesha. Kila mara nasema, safari hii moja, halafu basi. Nikirudi, nasema tena hii moja." Akavuta pumzi. "Sasa uulize ule baba. Yeye alikuwa anaogopa nini hivi, mpaka aniibie?"

Neno hilo liliniuma, na lilikuwa neno sahihi. Basi nikalieleza gari habari ya dada yangu. Nilianzia Manono, nikapita kwenye pompi iliyokuwa inapiga kelele, nikafika chini ya lori. Sikuwahi kuisimulia yote kwa mpigo, hata kwa mama yangu mzazi, na sasa nilikuwa naisimulia kwa injini iliyofunguliwa, jua likiniunguza mgongo. Nilipomaliza, swali lilitoka upande wa pili.

"Ule mutoto alikuwa mwanamume ao mwanamuke?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu waliuliza siku ngapi, mahali gani, lori la nani.

"Mwanamuke, Mama," nikasema. Wote wawili tulisikia kwamba gari halikutajwa.

Aliposema, alirudi kwa gari, taratibu, kwa heshima. "Uambie ule baba, angenituma maneno hayo Ijumaa, ningekubali. Sikuwa na mupango ya kumuua mutoto wangu kwa sababu ya chuma. Ila ningeifungua mimi mwenyewe. Kwa mikono yangu. Hicho tu."

Kama angenitukana ningepumua. Pompi nilikuwa nimeisoma sawasawa, kitundu, ukoko, feni, ekseli, na hayo yote hayakunisaidia kitu. Nilikuwa nimemnyang'anya kazi ya mwisho aliyobaki nayo ya kumfanyia mume wake, tena nimeifanya haraka haraka, nikipiga mluzi. Niliona aibu mpaka masikioni. Kitu kilichokwisha kufunguliwa hakiwezi kufunguliwa mara ya pili, nilijiambia, na nilipokuwa bado najiambia hivyo nikatambua kwamba mimi ni fundi na kwamba inawezekana.

Nikaiokota pompi ya zamani kwenye gunia. Nikaifuta kwa kitambaa. Nikaiweka tena mahali pake kwenye injini kavu, bila karatasi ya kuzibia, bila maji, bila sababu yoyote ambayo ningeweza kumweleza fundi mwenzangu. Nikachukua boliti za marehemu, kila moja na pete yake ya shaba, nikazipaka grisi, nikazirudisha moja moja. Nilizikaza kweli. Boliti ya kulegea angeitambua. Hakuuliza nafanya nini. Aliinuka, na viatu vya buluu vikasogea karibu kidogo, vikasimama.

Nilipomaliza niliweka kle namba kumi na tatu juu ya bawa la gari, lile bati la juu ya gurudumu, upande wake. "We gari, muambie Mama kle iko hapa." Kisha nikaenda mpaka kwenye ua, nikageuza uso kwenye matete.

Nilisikiliza. Boliti ya kwanza ilimkatalia. Nilisikia kle ikiteleza, nikasikia akiipiga kwa kiganja jinsi madereva wanavyofanya, mara mbili, mara tatu, akiguna. Kutokwenda kumsaidia ilikuwa ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya siku ile. Ikaachia. Ya pili ilikuja upesi. Kati ya ya pili na ya tatu palipita muda mrefu, na humo alikuwa anasema na mtu, kwa kilugha chao, kwa sauti ya chini, si kwa gari wala kwangu. Nilijitahidi nisisikie. Ya tatu. Ya nne. Chuma kikabanduka kwenye chuma.

"Baba," akaita.

Sikugeuka. Nilidhani anaita yule aliyekuwa anasema naye.

"Baba, weye hapo. Kuja upokee."

Nilikwenda nikiwa nimeinamisha macho, nikanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepokea kitu kwa mkubwa wake. Aliniwekea pompi ndani yake. Vidole vyake vilikuwa na grisi mpaka kwenye viungo, na vilikaa juu ya vyangu, havikuondoka. Kitenge cha misa kilikuwa kimeharibika.

"Nijibu kweli," akasema. "Hii yake, ingefika Nyunzu?"

Nilikuwa nimeishika. Ekseli ilikuwa inacheza kati ya mikono yangu na yake, rulma inasaga, na yeye aliyeliendesha gari lile miaka ile yote alikuwa anaisikia kama mimi. Kwa siku tatu nilikuwa nimetaka mtu mmoja tu anipe nafasi ya kujibu swali hilo.

"Ingefika, Mama."

Nikainua macho. Alikuwa ananitazama usoni. Alikuwa na macho ya mke wangu, na nilikuwa nimeishi miaka miwili bila kujua yalikotoka. Alinitazama kwa muda, akafahamu vizuri kabisa nilichofanya, na hakunisahihisha.

"Aksanti," akasema. Akainyanyua pompi kutoka mikononi mwangu, akaifunga ndani ya kitambaa cha kichwa chake. "Sasa funga ile mupya. Uikaze muzuri. Mutoto wangu iko anasafiri."

Nikafunga. Walifika Nyunzu siku ya pili ya safari, mchana, mama na binti, na mtoto tumboni.